Haki ya Mpinzani Katika Utabiri

Hapana tabia iliyoenea miongoni mwa wanadamu kama tabia ya kusema juu ya mambo ambayo hayajatokea. Mkulima husema juu ya mvua kabla ya wingu kutanda, nahodha husema juu ya upepo kabla ya tanga kutwekwa, mzazi husema juu ya mtoto kabla ya meno kuota, na mshabiki wa mchezo husema juu ya msimu ujao kabla mpira haujawekwa uwanjani. Katika hao wote huyu wa mwisho ndiye achekwaye sana na ndiye afikiriwaye kidogo. Twadhani kwamba maneno yake ni porojo za barazani, hayana uzito wala madhara. Insha hii yakusudia kuuliza kama dhana hiyo ni ya haki. Swali lenyewe ni hili: mtu asemapo kwamba mpinzani wake mwakani atapanda au ataanguka, atenda tendo la namna gani, na ana wajibu gani kwa huyo amtabiriaye?

Tuanze na maneno, kwa kuwa lugha aghalabu hujua jambo kabla ya wasemaji wake kulitambua. Kwa kazi hii Kiswahili kina maneno matatu ambayo siku hizi huchanganywa kama maji na maziwa. La kwanza ni kutabiri, ambalo katika asili yake ya Kiarabu lilikuwa ni kufasiri ndoto. La pili ni kubashiri, ambalo asili yake ni kuleta habari njema. La tatu ni kukisia, ambalo ni ndugu wa kiasi, na maana yake ni kupima. Basi mtu akisema juu ya msimu ujao, yafaa ajiulize yuko katika neno gani. Je, afasiri ndoto yake mwenyewe? Je, aleta habari njema, na kama ndivyo, ni njema kwa nani, ikiwa habari yenyewe ni anguko la jirani? Au apima? Maneno hayo matatu ni milango mitatu ya nyumba tatu mbalimbali, na wengi wetu huingia mlango wa ndoto tukidhani tumepita mlango wa kipimo.

Hata neno msimu lina fundisho lake. Nalo limetoka katika Kiarabu, na mabaharia wa pwani yetu walilitumia kwa majira ya pepo zilizoleta majahazi na kuyarudisha. Kaskazi ilivuma kwa wakati wake, na kusi kwa wakati wake, hata mtu aliweza kupanga safari ya Arabuni au Bara Hindi kwa kuhesabu miezi. Tulipoliazima neno hilo kwa michezo, tuliazima pamoja nalo matumaini kwamba michezo nayo hurudi kwa kanuni kama pepo. Lakini upepo hauna moyo, na mchezaji anao. Hapo ndipo mashaka yaanzapo.

Nisidhaniwe kwamba nautia utabiri wenyewe katika hatia. Mtu aliyekaa mbugani Kyela, ukingoni mwa Ziwa Nyasa upande wa kaskazini, hawezi kuuhukumu hivyo. Nchi ile ni tambarare iliyo chini ya Milima ya Livingstone, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huipita kuelekea ziwani. Mvua ikiwa ya kiasi, mpunga husimama na harufu ya mchele wa Kyela husifiwa katika masoko ya mbali. Mvua ikizidi, mito huvunja kingo zake na shamba huwa ziwa jingine. Mto Songwe, ulio mpaka wetu na Malawi, una desturi ya kuhama mkondo wake wakati wa mafuriko, hata mpaka wa mataifa mawili ukayumba pamoja na maji. Katika nchi kama hiyo, kila mwenye kutia mbegu ardhini amekwisha kutabiri. Kupanda ni kutabiri kwa jembe. Asiyetaka kutabiri kamwe hana budi kutopanda kamwe, na asiyepanda atakula cha mwenziwe.

Basi tendo la kutazama mbele halina dhambi ndani yake. Lakini kuna tofauti moja kubwa kati ya mpunga na mpinzani. Mpunga hausikii. Mkulima aweza kusema mwaka huu shamba halitatoa kitu, na shamba lisione fedheha wala lisifanye bidii ya kumsuta. Mvua haichelewi kwa sababu imekashifiwa, wala haiji mapema kwa sababu imesifiwa. Mpinzani husikia. Ukisema timu ya mji fulani haitafika popote, maneno yale hufika katika masikio ya vijana wa mji huo. Mmoja huvunjika moyo, mwingine hukaza mkanda wa kiuno. Kwa hiyo kauli juu ya watu haikai nje ya jambo inalolisema, kama mtu aliyesimama pwani akitazama chombo. Huingia chomboni pamoja na abiria. Kumtabiria mtu ni kumtenda jambo, na kila tendo tumtendealo mtu lina hesabu yake.

Tutazame mambo yalivyokwenda katika pande hizo hizo za kusini. Rungwe na Kyela ni ndugu, zamani zilikuwa wilaya moja, na kutoka Tukuyu hadi mbugani ni mteremko wa barabara moja. Mwaka 1986 timu ya Tukuyu Stars, iliyotoka katika mji mdogo wa milimani wenye mvua na migomba, ilitwaa ubingwa wa Tanzania katika ligi iliyokuwa na miamba wawili wa Dar es Salaam, Yanga iliyoasisiwa 1935 na Simba iliyoasisiwa 1936. Msimu wa 2013/14 timu ya Mbeya City iliingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Mgeni katika ligi hutazamiwa kushukuru akinusurika kushuka. Yeye alimaliza wa tatu, nyuma ya Azam na Yanga, na Simba ikawa ya nne nyuma yake. Tarehe 29 Novemba 2022, huko Mbarali, Yanga ilikuwa imekwisha kucheza michezo 49 ya ligi bila kupoteza hata mmoja. Ikafungwa 2–1 na Ihefu, timu iliyokuwa ikisuasua mkiani. Mwezi Oktoba 2023 Ihefu hiyo hiyo ikaifunga Yanga tena kwa mabao yale yale.

Mwenye pupa atasema: tazama, basi, utabiri ni bure, hakuna ajuaye lolote. Lakini hukumu hiyo nayo ni ya haraka mno. Tukiufungua upande wa pili wa kitabu, twaona kwamba tangu mwaka 2001 hadi 2025 ubingwa wa Tanzania Bara haukutoka katika mikono ya Simba na Yanga isipokuwa mara moja, Azam ilipoutwaa mwaka 2014 bila kufungwa. Simba iliuchukua mara nne mfululizo kuanzia 2018 hadi 2021, na Yanga ikauchukua mara nne mfululizo kuanzia 2022 hadi 2025. Mtu aliyesema kila mwaka kwamba bingwa atatoka Kariakoo au Jangwani alipata kila mwaka, ila mmoja. Zaidi ya hayo, Mbeya City ile iliyoshangaza ilishuka daraja mwaka 2023, na haikurejea Ligi Kuu ila kwa msimu wa 2025/26. Ihefu ilihamia Singida na mwaka 2024 ikapata jina jipya la Singida Black Stars. Tukuyu Stars haimo tena katika Ligi Kuu. Ajabu hutokea, lakini ajabu haijengi nyumba ya kudumu kwa urahisi. Fedha, wingi wa wanachama na mazoea ya kushinda ni nguzo nzito, na mwenye kuzipima atapata mara nyingi kuliko kukosa.

Lakini hapa tutofautishe mambo mawili. Kupata si kujua. Mtu aliyesema kwa miaka ishirini na zaidi kwamba Simba au Yanga itashinda alikuwa mkweli karibu kila mara, na pengine hakujua jina la mchezaji hata mmoja. Ukweli wake ulikuwa kama ukweli wa saa iliyosimama, huwa sahihi bila ya kufanya kazi. Kinyume chake, yule aliyeichunguza Ihefu, akajua uwanja wake, akajua uchovu wa wageni waliosafiri kutoka Dar es Salaam, akasema, "Hapa bingwa aweza kuteleza", huyo alijua kitu hata kama siku ile bingwa angeshinda. Kwa hiyo hatuwezi kuupima utabiri kwa matokeo peke yake. Hakimu hahesabiwi kuwa mwadilifu kwa sababu mtu aliyemfunga alikuwa na hatia kweli; huhesabiwa kuwa mwadilifu kwa sababu alisikiliza ushahidi. Vivyo hivyo mtabiri.

Aristotle, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, aliuliza swali juu ya vita vya majini vya kesho. Ni lazima, alisema, kwamba kesho vita vitakuwa au havitakuwa. Lakini si lazima kwamba vitakuwa, wala si lazima kwamba havitakuwa. Wanafunzi wengi hulisoma swali hilo kama fumbo la mantiki, wakalifunga pamoja na daftari baada ya mtihani. Nami naliona kuwa fundisho la adabu pia. Asemaye "Itashuka daraja" kwa sauti ile ile asemayo "Ilishuka daraja" amechukua hakika iliyo mali ya jana na kuivika kesho. Kiswahili kimetuwekea akiba ya maneno ya kutuepusha na wizi huo: huenda, yamkini, labda, tukijaliwa. Wazee hawakutaja kesho bila ya mojawapo. Vijana huyaona maneno hayo kuwa ya woga. Hakika ni maneno ya kipimo, kwa kuwa huonyesha mahali ambapo ujuzi wa msemaji umekwisha na ghaibu imeanza.

Mtu aweza kujibu kwamba nachukua mzaha na kuufanya kesi. Wapenzi wa Simba na Yanga huitana watani wa jadi, na mtani hana kesi. Jibu hili ni zuri, nalo lastahili heshima. Utani ni katika mambo bora tuliyorithi. Kwa utani, watu wa makabila mawili waliopata kupigana waliweza kutukanana bila ya damu kumwagika. Mtani aliweza kuingia katika msiba na kumkejeli marehemu mbele ya wafiwa, na wafiwa wakacheka na machozi yakiwa mashavuni. Lakini tukumbuke sharti la utani. Mtani yule yule aliyemkejeli marehemu ndiye aliyeshika kazi za mazishi. Ulimi wake ulikuwa huru kwa sababu mikono yake ilikuwa imefungwa na wajibu. Tena, utani ulijulikana kuwa ni utani. Hapana aliyekwenda kununua ng'ombe au kuvunja uchumba kwa sababu ya maneno ya mtani.

Mshabiki wa Yanga akisema kwamba mwakani Simba itakula vumbi, na wa Simba akacheka na kurudisha dongo, hapo hakuna lililoharibika. Ni utani, na kila mmoja anajua kwamba mwenziwe afasiri ndoto yake. Uharibifu huanza utani unapovaa joho la ushahidi. Huanza maneno yale yale yanapopandishwa mimbari, yakatiwa tarakimu, yakasomwa kwa sauti ya mtaalamu, huku msemaji hana wajibu wa mtani wala uangalifu wa shahidi. Amechukua uhuru wa mmoja na heshima ya mwingine, na gharama za wote wawili hakulipa. Shahidi akisema uwongo huadhibiwa. Mtani akikosa kuja mazikoni hulaumiwa. Mtabiri wa namna hii akikosa husubiri wiki mbili, kisha hutabiri tena.

Kule Kyela kuna jambo lifananalo na hili, na watu wa huko wamelipa jina. Mbuga ile, pamoja na mpunga, hulima kakao. Kakao yataka subira: tunda livunjwe, mbegu zivundikwe zipate kuchacha, zianikwe zikauke, ndipo zipimwe na kuuzwa kwa bei yake. Mwenye shida ya fedha hana subira hiyo. Huja mnunuzi na fedha mkononi, akanunua mazao yangali mabichi kwa bei ndogo, na biashara hiyo huitwa njuruku. Serikali imeipiga vita kwa miaka mingi, kwa sababu ingawa mkulima huridhia, huridhia kama mtu aliyeshikwa koo. Aliyeuza njuruku, zao likikauka na bei ikipanda, hana lake pale isipokuwa majuto.

Utabiri wa pupa ni njuruku ya hukumu. Hununua msimu ungali mbichi. Nao una kosa ambalo njuruku ya kakao haina: mkulima aliuza mali yake mwenyewe, lakini mtabiri auza mali ya mwingine. Msimu ujao wa timu fulani ni jasho la wale watakaoucheza. Mimi nikisimama leo nikaupangia bei, nikaueneza kwa wengi kuwa hauna thamani, nimeuza kitu ambacho mwenyewe hajanipa niuze.

Jambo hili limekuwa zito zaidi siku hizi, tangu kubashiri matokeo kulipokuwa biashara kubwa. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliweka bodi ya kuisimamia, na ni marufuku kwa aliye chini ya miaka 18. Lakini sheria hutazama umri na leseni, haitazami neno. Kijana huliita karatasi lake la ubashiri mkeka, jina la kitu cha kukalia na kupumzikia, na mkeka ukichanika hukosa pa kukaa. Mwanafunzi aliyeweka fedha za chakula katika utabiri wa mtu mwingine amelipa deni la maneno ambayo hakuyasema. Aliyeyasema yuko barazani akinywa kahawa. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Nao hawakujua kwamba utafika wakati ambapo mbachao itauzwa ili kununua mkeka.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa deni lililolipwa na asiyekopa ni wa mwana wa Tanzania katika mchezo wa mpira wa kikapu. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza mchezo huo akiwa kijana mkubwa, na kwa kimo chake cha mita 2.21 na bidii yake akafika Chuo Kikuu cha Connecticut huko Marekani. Chuo hicho kilikuwa katika kundi la Big East, ambalo katika miaka ile lilikuwa na vyuo 16 vyenye uhasama wa jadi katika mchezo, kama Syracuse, Louisville na Pittsburgh. Kila mwaka kabla ya msimu, makocha na waandishi wa Marekani hupanga vyuo hivyo kwa nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, kabla ya mpira wowote kurushwa. Thabeet alisifiwa kwa ulinzi, akatuzwa katika kundi lake mwaka 2008 na 2009, na mwaka 2009 timu yake ikafika katika vyuo vinne vya mwisho. Mwaka huo huo akachaguliwa wa pili katika vijana wote walioingia ligi ya kulipwa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza humo.

Kuchaguliwa wa pili kulikuwa ni utabiri. Watu wenye ujuzi na fedha walisema kwa tendo hilo: huyu atawapita wote ila mmoja. Siku ile ile kijana mwingine, Stephen Curry, alichaguliwa wa saba. Curry alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na 2016; Thabeet alihama timu kadhaa na nafasi yake katika ligi hiyo ikakoma mwaka 2014. Waandishi wakalitaja jina lake katika orodha za walioshindwa. Ndipo tuulize: nani alishindwa? Kijana hakusema kwamba angewapita wenziwe. Alicheza alivyoweza, katika mchezo aliojifunza amechelewa, katika nchi ya mbali na kwao. Waliokosea ni waliokadiria. Lakini hasara ya makadirio haikuandikwa katika majina yao. Iliandikwa katika jina lake. Ni kama watu waliokwenda kukopa dukani kwa jina la jirani, na jirani akafuatwa kulipa. Mtu aliyetoka Dar es Salaam akafika mahali ambapo hapana Mtanzania aliyepata kufika ameitwa aliyeshindwa, kwa sababu tu mzani aliotiwa haukuwa wake.

Chuo kile kile cha Connecticut kilitoa fundisho la pili. Kabla ya msimu wa 2010/11 makocha wa Big East walikitabiria nafasi ya 10 katika 16. Msimu ulipokwenda walionekana wamekaribia ukweli, kwa kuwa kilimaliza wa 9. Kisha katika mashindano ya kundi kikashinda michezo 5 katika siku 5, na baada ya hapo kikashinda michezo 6 ya mashindano ya taifa na kuwa bingwa wa nchi nzima. Chuo cha North Carolina nacho kilipewa nafasi ya kwanza katika Marekani yote kabla ya msimu wa 2022/23, na msimu ulipokwisha hakikualikwa hata kuwa miongoni mwa timu 68 za mashindano ya taifa. Waliotabiri hawakuwa wajinga. Walihesabu wachezaji waliobaki, urefu wao, umri wao na mabao yao ya mwaka uliopita. Lakini vitu vinavyohesabika ni vile vilivyokwisha kutokea. Kile ambacho watu watakuwa kwa kuishi pamoja miezi sita, kwa kushindwa pamoja na kusameheana, hakimo katika hesabu, si kwa sababu kimefichwa, bali kwa sababu hakijakuwapo.

Je, basi tunyamaze? Hapana. Kunyamaza pia kwaweza kuwa dhuluma. Mwalimu aonaye kwamba mwanafunzi wake akiendelea hivi ataanguka mtihani, naye akanyamaza kwa kisingizio kwamba kesho haijulikani, amemnyima haki yake. Jirani aonaye mto unajaa ana wajibu wa kupiga kelele, hata kama huenda maji yakapungua usiku. Utabiri uliosemwa kwa kusudi la kumwamsha mtu ni sadaka. Na hata mpinzani astahili sadaka hiyo, kwa kuwa kumchunguza mtu kwa makini, kuzijua nguvu zake na kasoro zake na kuzisema kwa insafu, ni namna ya kumheshimu. Wengi hawajapata kutazamwa na rafiki zao kwa makini waliyotazamwa nayo na wapinzani wao.

Kwa hiyo naona yapo masharti matatu ambayo huugeuza utabiri kutoka ndoto ukawa kipimo. La kwanza ni uso: useme juu ya mpinzani lile tu ambalo ungeweza kumwambia akiwa amekaa mbele yako. Maneno mengi makali hufa yenyewe yakitakiwa kupita sharti hili. La pili ni sababu: pamoja na kauli utoe kile ulichoipimia, ili yule uliyemtaja apate la kujibu. Kauli isiyo na sababu haijibiki, na kumwambia mtu neno lisilojibika ni kumfunga mdomo kisha ukamwita bubu. La tatu ni kumbukumbu: uyahifadhi maneno yako mpaka msimu uishe, uyatoe tena mbele ya watu wale wale, nao wayaone yamesimama au yameanguka. Mkulima hana njia ya kukwepa sharti hili, kwa sababu ghala lake ndilo kumbukumbu yake. Msemaji hana ghala. Hana budi kujijengea.

Masharti hayo hayahusu viwanja peke yake. Katika kumbi za masomo twatabiriana kila siku. Mwalimu asomapo majina ya darasa jipya husikia mikoa na shule walikotoka wanafunzi, na kabla ya insha ya kwanza kuandikwa amekwisha kumweka mmoja mbele na mwingine nyuma. Mwanafunzi aliyetoka shule ya mbugani, ambako vitabu ni vichache na njia hukatika wakati wa masika, huingia darasani akiwa amekwisha kupewa nafasi ya 10. Kwa yeye ni jambo zito kuliko kombe. Mchezaji aliyetabiriwa vibaya ana siku ya mchezo ambapo mpira humtetea mbele ya watu wote. Mwanafunzi aliyetabiriwa vibaya pengine haulizwi swali tena, na asiyeulizwa hapati mahali pa kumsuta aliyemtabiria. Mtu aweza kupita miaka mitatu akiishi ndani ya makisio ya mwingine, akatoka akidhani kwamba ndicho kimo chake.

Limebaki jambo moja juu ya mpinzani. Mwenye kutamani kwamba mwakani hasimu wake awe dhaifu hajui anachokitamani. Ushindi hupata thamani yake kwa yule aliyeshindwa. Watu wa Mbeya hawaikumbuki siku ya Novemba 2022 kwa sababu Ihefu ilishinda mchezo, maana michezo hushindwa kila wiki. Waikumbuka kwa sababu iliyofungwa ilikuwa timu ya michezo 49. Mpinzani akianguka, mizani yangu imeanguka naye, na nitashinda bila ya kujua nimeshinda nini. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Twaweza kuongeza kwamba asiyemtakia mpinzani wake nguvu hakubali hata kushindana. Ataka tu kuonekana amesimama mahali ambapo wengine wamelala.

Basi na tuendelee kusema juu ya msimu ujao, kwa kuwa hatuwezi kuacha, wala si vema tuache. Tukitania, tutanie kama watani, kwa ulimi mwepesi na mikono iliyo tayari kwa mazishi. Tukitoa ushahidi, tupime, tutaje sababu, na tuyakumbuke maneno yetu. Na yule tuliyemtaja tumwachie sehemu ya kesho ambayo hatukuinunua, kwa maana hiyo ni yake, na bado haijakauka.